Mimba ikiharibika, zalio lipimwe kabla ya kuzikwa

Mimba ikiharibika, maneno hayachelewi. Mara alipita makaburini magharibi, mara aliinua ndoo, mara ni hasadi. Yangu ilitoka ikiwa ya miezi mitano, na hayo yote niliambiwa. Kilichonipa jibu ni karatasi ya maabara: zalio, yaani kondo la nyuma, lilikuwa na maambukizi. Dada zangu, maana yake ni hii.

Zalio ndilo linalompitishia mtoto chakula na hewa kutoka kwa damu ya mamake. Viini hulifikia kwa njia mbili.

Ya kwanza ni kutoka chini. Bakteria hupanda kutoka ukeni, wakapita mlango wa kizazi na kuingia kwenye chupa ya maji. Hakuna ndoo inayowapandisha. Mara nyingi mama hasikii lolote mpaka uchungu uanze au chupa ipasuke kabla ya wakati. Wengine hupata homa, maumivu ya tumbo, au maji yenye harufu mbaya.

Ya pili ni damu. Kaswende hupita huko, na malaria pia. Vimelea vya malaria hujificha ndani ya zalio, hata kipimo cha damu ya kidole kikaweza kuonyesha huna. Mimba ya kwanza ndiyo huathirika zaidi, kwa kuwa mwili haujajenga kinga dhidi ya vimelea vinavyong'ang'ania zalio.

Ndiyo sababu kliniki hupima kaswende, hutoa neti, na huku Pwani huwapa waja wazito vidonge vya SP kuanzia wiki ya 13, dozi zikipishana kwa mwezi au zaidi.

Kwetu zalio huzikwa upesi, na sipingi. Lakini kabla hamjalichukua, muulizeni daktari kama linaweza kupimwa, na kama mtarudishiwa mkalizike. Maabara haipati jibu kila mara. Likipatikana, uliza: ni viini gani, viliingia kwa njia gani, na mimba ijayo nijilinde vipi?

Na mama aliyetoka kupoteza mimba akishikwa na homa, akitoka damu nyingi au uchafu unaonuka, msingoje kesho. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.