Majarida ya Hadithi (4): Penpoint, Transition na Msomaji wa Jinja

Majarida ya hadithi ya Afrika Mashariki hayakuzaliwa kama yale ya karatasi duni ya New York yaliyoelezwa katika sehemu zilizotangulia. Frank Munsey alipolifanya The Argosy kuwa jarida la hadithi tupu mwaka 1896, alimlenga msomaji mwenye senti kumi mfukoni. Uganda jarida lilianzia darasani, na bei ya nakala haikuwa hoja kubwa. Tofauti hiyo inaeleza mengi yaliyofuata.

Penpoint lilianza mwaka 1958 katika idara ya Kiingereza ya chuo cha Makerere, Kampala. Kifo cha Ngũgĩ wa Thiong'o, tarehe 28 Mei 2025, kimewarudisha watu kwenye riwaya zake, lakini jarida hilo dogo lililompokea kwanza halijatajwa inavyostahili. Akiwa bado mwanafunzi aitwaye James Ngugi, alimwambia Jonathan Kariara, aliyehusika na uhariri, kwamba ameandika hadithi. Hakuwa ameandika neno. Ilimbidi akakae aiandike, na hadithi hiyo ya mti wa mugumo ikatoka katika Penpoint mwaka 1960. Mwandishi hupatikana hivyo, kwa kuwa na mhariri wa karibu anayengoja kazi yake. Mashindano yenye zawadi nono hayajawahi kuziba nafasi hiyo. Mwaka 1965 David Cook alikusanya kazi za Penpoint katika kitabu Origin East Africa, nazo zikasomwa mbali na Makerere.

Transition lilikuwa na makuu zaidi. Rajat Neogy, kijana wa Kampala mwenye asili ya Kibengali, alilianzisha mwaka 1961, na ndani ya miaka michache Achebe, Soyinka, Okot p'Bitek na Taban lo Liyong walikuwa wakisomwa katika kurasa zake. Mwaka 1963 Obi Wali wa Nigeria aliandika humo kwamba fasihi ya Afrika iliyoandikwa kwa lugha za Ulaya imeshika njia isiyotoka. Wengi walimjibu kwa hasira. Ngũgĩ baadaye alimkubali, akahamia Kikuyu, na mwaka 1994 akaanzisha jarida la Kikuyu, Mũtĩiri. Hata Tarzan, aliyetokea mara ya kwanza katika The All-Story la Oktoba 1912, alihukumiwa katika kurasa za Transition: mwaka 1967 Paul Theroux, mwalimu wa Makerere, aliwafananisha naye Wazungu waliokuja kufanya kazi Afrika.

Mwaka huohuo ikajulikana kwamba shirika lililolipa Transition ruzuku, Congress for Cultural Freedom, lilipokea fedha za ujasusi wa Marekani, CIA. Neogy hakujua, na jina lake halistahili doa. Lakini jarida lisilolipiwa na wasomaji wake lina mwenyewe mwingine, ajulikane au asijulikane. Oktoba 1968 serikali ya Obote ilimkamata Neogy pamoja na mbunge Abu Mayanja, aliyekuwa ameikosoa katiba mpya katika jarida hilo. Transition lilifufuka Accra mwaka 1971, likapita mikononi mwa Soyinka, likakoma mwaka 1976. Lilipoanzishwa upya mwaka 1991 lilikuwa Marekani, na sasa makao yake ni Harvard.

Nje ya Kampala ya majarida hayo, mashariki mwa Uganda hapakukosa wasomaji. Daraja la reli la Jinja lilifunguliwa mwaka 1931. Bwawa la Owen Falls, mwaka 1954, likaleta viwanda, na katika nyumba za wafanyakazi za Walukuba, mjini humo, Kiswahili kilikuwa lugha ya watu wa makabila mengi. Msomaji wa Kiswahili wa huko hakuandikiwa na Makerere. Aliyemfikiria msomaji wa namna hiyo ni Mtanzania Faraji Katalambulla, mtunzi wa Simu ya Kifo (1965), riwaya ya upelelezi, aliyehariri pia Film Tanzania, jarida la hadithi za picha. Wasomi waliodharau hadithi za namna hiyo walikosea, kwani ndizo zilizomzoesha mfanyakazi kununua maandishi kwa fedha yake. Hata Timothy Wangusa, mwana wa Bugisu, alipoandika Upon This Mountain (1989), riwaya ya nchi ya mlima Masaba (Elgon), aliiandika kwa Kiingereza. Kabla ya hapo, mwaka 1972, Amin aliwafukuza Waasia, na mitaa ya biashara ya Jinja na Mbale ikapoteza wenye maduka ambao wangeuza majarida.

Ufufuko wa uandishi umekuwa wa polepole: chama cha waandishi wanawake Femrite mjini Kampala mwaka 1996, jarida Kwani? mjini Nairobi mwaka 2003, kisha Jalada, lililotoa mwaka 2016 hadithi moja ya Ngũgĩ katika lugha zaidi ya thelathini, zikiwemo Kiswahili, Luganda na Lubukusu, ndugu ya Lumasaba inayosemwa Mbale.

Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliamua Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni. Mwanafunzi atakayefundishwa kusoma atahitaji cha kusoma, tena kisicho cha mtihani. Karatasi moja kubwa iliyochapwa pande zote mbili na kukunjwa mara tatu hutoa kurasa 16, zinazotosha hadithi moja ya Kiswahili na nyingine ya Lusoga au Lumasaba. Kazi hiyo iko ndani ya uwezo wa wachapaji wa Jinja na Mbale, ikiwa kila nakala itauzwa kwa bei ya kulipia karatasi yake. Sehemu ya tano itahusu Kwani? na mwanzilishi wake, Binyavanga Wainaina.