Mwimbaji Lee Seung-gi na Hesabu ya Miaka 18

Vijana wengi wa siku hizi hutazama michezo ya televisheni itokayo Korea ya Kusini, na wako wanaojua majina ya wachezaji wa huko kuliko wanavyojua majina ya wajomba zao. Wazazi hukaa kando wakishangaa tu. Basi leo tumtazame mmoja wa wachezaji hao, Bwana Lee Seung-gi, ambaye ni mwimbaji na mchezaji wa sinema pia. Habari zake zafaa kusomwa na wakubwa kwa wadogo, maana ndani yake mna nyimbo, mna bibi mwenye kuuza supu, na mna shauri zito la malipo ya kazi.

Kwanza tujue kwamba Wakorea hutanguliza jina la ukoo. Lee ni ukoo wake, na Seung-gi ndilo jina alilopewa na wazazi. Alizaliwa katika mji mkuu wa Seoul tarehe 13 Januari 1987. Alipokuwa katika shule ya sekondari alikuwa kiongozi wa baraza la wanafunzi, na tena aliimba katika bendi ya shule. Siku moja bendi hiyo ilipiga muziki katika ukumbi mdogo, na huko akasikiwa na Bibi Lee Sun-hee, mwimbaji aliyepata sifa kubwa nchini tangu mwaka 1984. Bibi huyo alipendezwa na sauti ya kijana, akamchukua, akamfundisha kuimba kama mwalimu afundishavyo mwanafunzi wake.

Mwezi wa Juni 2004 nyimbo zake za kwanza zilitolewa. Alikuwa na miaka 17 tu, hajamaliza shule.

NYIMBO ZA POLEPOLE

Nyimbo anazoimba Lee Seung-gi huko kwao huitwa baladi. Si nyimbo za kuruka na kucheza. Huanza kwa kinanda na sauti ya chini, kama mtu anayesema peke yake usiku. Kisha sauti hupanda kidogo kidogo hata mwisho mwimbaji hulia kwa nguvu zake zote. Habari zake ni za mapenzi, na hasa za kuachana. Wakorea huzipenda mno, hata jioni baada ya kazi huenda kukodi vyumba vidogo vyenye kipaza sauti ili waziimbe wao wenyewe na rafiki zao.

Wimbo wake wa kwanza, “Nae Yeojaranikka”, ulitungwa na Psy, yule yule ambaye mwaka 2012 alijulikana duniani pote kwa “Gangnam Style”. Ni habari ya kijana anayempenda mwanamke aliyemzidi umri. Pengine msomaji atauliza, kuna ajabu gani? Ajabu ipo, kwa sababu Wakorea hushika sana heshima ya umri. Kijana wa kiume lazima amwite mwanamke aliyemzidi kwa jina la “nuna”, yaani dada. Na huyu wa katika wimbo hataki tena kumwita dada! Wimbo ulienea upesi, na wanawake wengi wenye umri mkubwa kuliko wake wakawa wapenzi wa sauti yake.

Hata hivyo hakuacha masomo. Mwaka 2009 alihitimu katika Chuo Kikuu cha Dongguk. Wakorea wana msemo wao, “mtoto wa rafiki ya mama”. Ndiye yule mtoto ambaye mama hamalizi kumtaja anapowakaripia wanawe: mtoto wa fulani amefaulu, mtoto wa fulani ana adabu, na wewe je? Lee Seung-gi alipewa jina hilo na magazeti. Nadhani vijana wengi wa Korea walichoka kusikia habari zake mezani.

BIBI NA SUPU YAKE

Tangu mwanzo alitiwa pia katika michezo ya televisheni. Mwaka 2006 alicheza katika mchezo wa jamaa yenye mabinti wanne, na watu wakaona kwamba kijana anaweza. Kisha kuanzia Novemba 2007 hata Februari 2012 alikuwa katika kipindi cha “Usiku Mmoja na Siku Mbili” cha shirika la KBS. Wanaume kadhaa husafiri vijijini na visiwani, hushindana kwa michezo, na anayeshindwa hukosa chakula au hulala nje, hata wakati wa baridi kali. Huko watu waligundua kwamba huyu mwenye akili nyingi hukosea mambo madogo madogo kila mara. Wakampa jina la utani, “Heodang”, maana yake mtu wa kuteleza teleza. Wazee wa vijijini, ambao hawakuwa na habari ya baladi zake, wakampenda kwa hilo.

Lakini kazi iliyomweka juu ni mchezo wa mwaka 2009 ulioitwa “Urithi Unaong'aa”. Ulionyeshwa mwisho wa juma, tangu Aprili hata Julai, sehemu 28. Ndani yake yumo bibi mmoja tajiri, mwenye kampuni ya kuuza supu ya mifupa ya ng'ombe, ile inayochemshwa kwa saa nyingi mpaka inakuwa nyeupe. Mjukuu wake wa kiume, ndiye Lee Seung-gi, ni kijana mwenye kiburi. Hajui kazi, hajui shukrani, anangoja urithi tu. Siku moja bibi anapatwa na ajali mjini, na anayemwokota na kumtunza ni msichana maskini mwenye kuuza maandazi ya nyama, aliyefukuzwa nyumbani na mama wa kambo pamoja na mdogo wake mgonjwa. Msichana hajui kwamba bibi ana mali. Bibi anapopona anaamua kumrithisha msichana yule, na jamaa yake mwenyewe wakose!

Mchezo huo ulishika nchi nzima. Siku ya mwisho zaidi ya asilimia 40 ya nyumba zilizopimwa zilikuwa zikiutazama. Kwa maoni yangu uzuri wake hauko katika mapenzi ya vijana wale wawili, ila katika yule bibi, ambaye anamlazimisha mjukuu kuanza kazi ya chini dukani, kubeba na kuhudumia wateja. Lee Seung-gi alicheza kiburi kile vizuri mno hata mtazamaji alitamani kumpiga kofi, kisha polepole akamwonea huruma.

Baada ya hapo kazi zilifuatana: mwaka 2010 mchezo wa mbweha mwenye mikia tisa, 2012 mwana wa mfalme anayeoa askari wa kike wa Korea ya Kaskazini, 2013 “Kitabu cha Ukoo wa Gu”. Nyimbo nazo hazikukoma. Tarehe 1 Februari 2016 aliingia jeshini kama sheria inavyowataka vijana wa kiume wa huko, akatumikia katika kikosi maalum, akatoka tarehe 31 Oktoba 2017 na kurudi kazini.

SHAURI LA MALIPO

Sasa tufike penye jambo lenyewe. Tangu utoto wake alikuwa chini ya kampuni moja, Hook Entertainment. Katika Korea kampuni za namna hii humchukua kijana, humfundisha, hulipia kurekodi nyimbo na matangazo, kisha mapato hugawanywa kwa mkataba. Vitabu vya hesabu hukaa kwa kampuni. Mwimbaji hupanda jukwaani, akishuka anapelekwa mahali pengine. Aulize saa ngapi?

Mwezi wa Novemba 2022 mawakili wa Lee Seung-gi waliiandikia kampuni kudai hesabu. Ikajulikana kwamba kwa miaka 18 alikuwa ametoa nyimbo 137, na katika mapato ya nyimbo hizo hakupewa hata won moja. Malipo ya michezo na ya matangazo ya biashara alikuwa akiyapata, ila ya kuimba hakuna. Mawakili walisema kwamba mara nyingi aliambiwa na kampuni kuwa yeye ni mwimbaji wa hasara, basi akaamini. Alikuja kutambua baada ya mfanyakazi mmoja kumpelekea kwa makosa ujumbe wenye habari za mapato ya nyimbo.

Watu wengi walihuzunika, maana wengine walikuwa wamekua na nyimbo hizo.

Mwezi wa Desemba mwaka ule kampuni ilimlipa karibu won bilioni 5, yaani karibu dola milioni 4 za Marekani kwa bei ya wakati ule, ikasema deni limekwisha. Yeye akajibu kwamba hakukubaliana na hesabu hiyo, na kwamba shabaha yake si fedha. Zote, isipokuwa gharama za kesi, atawapa wenye shida. Hakukawia. Kabla ya mwaka kwisha alitoa won bilioni 2 kwa hospitali ya watoto ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Seoul. Mwezi wa Januari 2023 Chama cha Msalaba Mwekundu kilipewa naye won milioni 550 kwa gari la kutolea damu na gari la kupeleka chakula.

Tarehe 31 Desemba 2022, kichwa chake kimenyolewa kwa ajili ya sinema aliyochezea mtu wa kitawa wa Kibuddha, alisimama kupokea zawadi kubwa ya michezo ya KBS. Pale alisema kwamba wadogo watakaomfuata, hata baada ya miaka 20 au 30, haifai warithishwe hali ya kulazimika kupigana na kupoteza mengi ili wapate haki iliyo yao tangu mwanzo.

Aprili 2023 alimwoa mchezaji mwenzake, Lee Da-in, na Februari 2024 wakapata binti. Shauri nalo liliendelea. Kampuni ilidai kwamba haina deni tena, bali imemzidishia malipo ya matangazo. Aprili 2025 mahakama ya Seoul iliamua kwamba kampuni imlipe karibu won milioni 580 zaidi.

Bunge la Korea ya Kusini pia lilirekebisha sheria mwaka 2024, na magazeti yakaiita kwa jina la mwimbaji huyu. Kwa sheria hiyo kampuni lazima imwonyeshe mwimbaji au mchezaji hesabu za mapato yake angalau mara moja kila mwaka, hata kama hakuuliza.