Dishi la Bure, ila kwa Lugha Gani?

Tangu mitambo ya analogi ilipozimwa nchini mwaka wa 2015, walimu wenzangu huniuliza swali lililo nje ya isimu: kati ya antena na dishi, kipi kinafaa nyumba isiyotaka kulipia televisheni kila mwezi?

Neno “bure” lenyewe lina maana mbili: kisicholipiwa na kisicho na faida. Antena hunasa mawimbi ya minara ya papa hapa nchini, na kwa hiyo hutuletea taarifa za habari za Kiswahili. Adui yake ni vilima. Dishi halijali vilima, kwani setilaiti ziko juu ya ikweta, umbali wa takriban kilomita 36,000, nayo ikweta inapita kwetu. Hata hivyo, mvua kubwa huweza kuikata picha, na stesheni nyingi za bure zinazopatikana huko ni za ng’ambo. Sizichukii lugha za wenyewe. Kiarabu kimekikopesha Kiswahili maneno mengi. Lakini mwanafunzi anayehangaika na insha atakisikia wapi Kiswahili sanifu jioni?

Aliye karibu na mnara na anunue antena na king’amuzi chake. Anayeishi bondeni namshauri dishi, ila fundi aliwashe kwanza, naye ahesabu stesheni za Kiswahili, wala asibabaishwe na jumla. Aulize pia iwapo king’amuzi hicho hufanya kazi pasipo kadi ya malipo.