Makumbusho Yakija Kijijini

Kutoka Nyarugusu hadi makumbusho ya Dar es Salaam ni mbali. Hata Bujora, karibu na Mwanza, mahali panapohifadhiwa vitu vya Wasukuma, ni mbali kwa mtu mwenye shamba. Lakini vitu vya makumbusho vinaweza kupakiwa garini vikaletwa kijijini.

Wageni hao wakija, watakula na kulala. Mama lishe atauza. Mwenye nyumba ya wageni atapata. Hata hivyo, fedha hiyo ni ya siku mbili tatu tu. Isikudanganye. Ipo faida kubwa zaidi.

Zamani nchi hii ya Geita ilikuwa na wahunzi hodari, Warongo. Waliyeyusha mawe ya chuma kwa moto wa makaa na mivukuto, wakafua majembe. Majembe hayo yalipelekwa Usukuma, yakabadilishwa kwa mifugo na nafaka. Leo kijana wa machimboni anajua dhahabu tu. Akiliona jembe lile, na mzee akasimama kumweleza, atajua kuwa mawe ya huku yalileta mali kabla ya dhahabu. Na mzee huyo siku hiyo ni mwalimu.

Je, nawe una jembe la kale nyumbani? Usimwuzie mchuuzi kwa bei ya kutupa. Waazimishe watu wa makumbusho, kwa maandishi. Karatasi itaje kitu, mwenye kitu, na siku ya kukirudisha. Isome mwenyewe, usisomewe. Kisha tia sahihi, wala si dole gumba. Nakala moja ibaki kwako.