Gesi ikipungua mtambo unahamia dizeli, kisha unazima: Mambo 5 anayoangalia fundi

Uko Ilongero, kaskazini mwa mji wa Singida. Umefikisha magunia yako ya alizeti mashineni, foleni imesogea, zamu yako imefika. Mashine inanguruma, mafuta yanaanza kuchuruzika, mara kimya. Umeme umekata. Kila mtu anatoka nje kutazama nguzo.

Mara nyingi tatizo liko hapo hapo jirani: waya umekatika, transfoma imeungua, upepo umeangusha nguzo. Lakini si kila mara.

Singida ipo kwenye njia kuu ya umeme ya kilomita 670 inayotoka Iringa, inapita Dodoma na Singida, inaishia Shinyanga. Njia hiyo ni sehemu ya gridi ya Taifa. Mtambo mkubwa ukizima ghafla, hata kama uko Dar es Salaam, masafa ya umeme yanashuka chini ya hezi 50 zinazotakiwa. Yakishuka sana, vifaa vya kinga vinakata vyenyewe baadhi ya laini ili gridi nzima isianguke. Laini hiyo inaweza kuwa ya kwenu.

Na moja ya nyakati ambazo mtambo wa gesi unaweza kuzima ghafla ni pale unapobadili mafuta.

MTAMBO MMOJA, MAFUTA MAWILI

Tabaini ya gesi inavuta hewa, inaibana, inaichanganya na mafuta na kuwasha. Moto huo unasukuma mapanga, mapanga yanazungusha jenereta. Kinachounguzwa kinaweza kuwa gesi, dizeli au hata mafuta ya ndege.

Tanzania tunayajua haya. Mitambo ya Ubungo ilikuwa ikiunguza mafuta ya ndege kabla gesi ya Songo Songo haijafika Dar es Salaam mwaka 2004. Gesi ilipofika, mitambo ikabadilishwa ili itumie gesi. Kazi ile ilifanywa na mafundi, vifaa vikafungwa upya, basi.

Tabaini ya mafuta mawili inatakiwa ibadili yenyewe huku inazunguka na mzigo uko mgongoni. Gesi inapungua kidogo kidogo, dizeli inaongezeka kwa kiasi kile kile. Moto usizimike, na usizidi. Ikikosea kidogo tu, inajizima ili isijiharibu.

Inapojizima, fundi mzoefu hakimbilii kuwasha tena. Dizeli iliyoingia bila kuungua bado imo ndani. Ukiwasha kabla ya kuimwaga na kupuliza hewa ya kutosha, inaweza kulipuka. Kwanza anafungua kumbukumbu za kompyuta na kutafuta alamu ya KWANZA kulia. Zinazofuata mara nyingi ni matokeo tu ya hiyo. Kisha anaangalia haya:

1. Presha
Je, dizeli ilikuwa tayari na presha yake kabla gesi haijaanza kupungua? Pampu ikichelewa, kuna muda gesi imeshuka na dizeli haijafika. Moto unakosa chakula, unazimika. Pia gesi ya bombani ikishuka ghafla mno, amri ya kubadili inaweza kuja ikiwa imechelewa. Hapo kosa liko kwenye kiwango kilichowekwa cha kuanzia kubadili.

2. Hewa kwenye bomba la dizeli
Mwenye trekta anaujua ugonjwa huu. Injini ya dizeli ikivuta hewa, inakohoa na kuzima mpaka utoe hewa. Kwenye tabaini ni vilevile. Bomba lililokaa muda mrefu bila kutumika, au lililofunguliwa kwa matengenezo, linaweza kubaki na hewa. Dizeli inafika kwa kukatika-katika.

3. Masizi kwenye nozeli na vali
Huyu ni mkorofi mkubwa. Mtambo ukiwa kwenye gesi, dizeli iliyobaki karibu na nozeli inapikwa na joto mpaka inageuka masizi magumu. Vali za njia moja zinanata. Siku ya kubadili, nyingine zinafunguka, nyingine zinagoma. Upande mmoja moto mkali, upande mwingine baridi.

Fundi anauona ugonjwa huu kwenye vipimo vya joto la moshi vilivyopangwa kwa duara. Kipimo kimoja kikisoma ajabu huku majirani zake wako sawa, huenda ni kipimo chenyewe kibovu. Majirani nao wakishuka, shuku nozeli. Lakini usifungue ile iliyo mbele ya kipimo moja kwa moja. Moshi unazunguka unapopita kwenye mapanga, hivyo mwenye kosa yuko pembeni kidogo.

4. Vali haifuati amri
Kompyuta inasema fungua asilimia 40, vali imefunguka 25. Linganisha amri na mahali vali ilipo kweli, sekunde kwa sekunde. Zikiachana, tafuta mafuta machafu ya haidroli, vali iliyonata au waya uliolegea.

5. Dizeli yenyewe
Dizeli iliyolala tangini miezi mingi inakusanya maji chini, na kwenye maji hayo vinaota vijidudu vinavyoacha utelezi. Siku pampu inavuta kwa nguvu, uchafu wote unakwenda kwenye filta. Presha inashuka, na tunarudi kwenye namba 1.

KWA NINI INATOKEA SIKU MBAYA?

Angalia tena orodha. Hewa, masizi, vali kunata, dizeli kuoza: vyote vinakomaa pale mafuta ya akiba yanapokaa bila kutumika. Mtambo unaweza kukimbia kwenye gesi mwaka mzima bila kulalamika, wakati upande wa dizeli unakufa kimya kimya. Utagundua siku gesi imekata, yaani siku ile ile unayoihitaji dizeli.

Dawa yake ni kubadili mafuta mara kwa mara kwa ratiba, wakati gesi ipo na gridi ina nafasi. Ukigoma hapo, unarekebisha kwa utulivu. Ndiyo, jaribio linakula dizeli na lenyewe linaweza kuuzima mtambo, ndiyo maana ni rahisi kuliahirisha. Lakini akiba isiyojaribiwa si ya kuitegemea.

NA WEWE WA ILONGERO?

Una jenereta ya mashine, duka au zahanati? Ugonjwa ni ule ule. Iwashe angalau mara moja kwa mwezi, na uipe mzigo wa kweli, usiiache inanguruma bure. Mwaga maji chini ya tangi. Usiweke dizeli ya msimu uliopita ukaisahau.

Na umeme ukikatika mashine ikiwa inakamua, zima swichi kuu ya mota kabla ya kwenda kutazama nguzo. Umeme ukirudi, subiri dakika chache utulie, ondoa alizeti iliyobana, ndipo uwashe. Mota inayoamka ikiwa imebeba mzigo, tena kwenye umeme mdogo, ndiyo inayoungua. Na kusuka mota katikati ya msimu ni hasara ambayo magunia yako hayatailipa.