Kwanza Kuanguka, Ngumi Baadaye

Siku ya kwanza mtoto wa kaka yangu, mwenye umri wa miaka tisa, alirudi bila kofia. Akasema imechukuliwa na upepo. Siku ya pili alikuja na kanzu iliyochanika ukosi, akasema amenaswa na msumari. Siku ya tatu hakutaka kwenda chuoni kabisa, tumbo lilikuwa likimuuma. Kumbe wako wavulana wawili wakubwa waliokuwa wakimngoja kwenye kichochoro, wakimnyang'anya pesa za mandazi na kumzaba makofi.

Kaka yangu alipopata habari alifoka. "Kesho nampeleka karate. Wamguse tena, waone!"

Wengi wetu tungesema vivyo hivyo. Sisi tulioziona sinema za Bruce Lee miaka ya 1970 tulitoka mle tukirusha mateke mpaka suruali zikapasuka, na aliyeumia hakuwa adui bali rafiki aliyekuwa karibu. Tulichukua ngumi, tukaiacha adabu iliyokwenda nayo.

Na adabu hiyo ina historia. Kano Jigoro, aliyezaliwa Japani mwaka 1860, alikuwa kijana mdogo wa umbo. Alipoingia shule ya bweni mjini Tokyo, wakubwa walimtesa. Akaanza kutafuta mwalimu wa mieleka ya kale ya Kijapani, na mwaka 1882, akiwa bado kijana, alifungua chuo chake mwenyewe, Kodokan, ndani ya hekalu, kwenye mikeka 12 tu. Mchezo wake ndio judo, maana yake njia ya ulaini. Lililo muhimu ni kwamba mtu huyu hakurudi kulipiza kisasi. Alikuwa mwalimu maisha yake yote, na miongoni mwa kanuni zake kuu ni kwamba wachezaji wawili wafaidishane. Wala huwezi kujifunza kumwangusha mwenzako bila yeye kukuamini mwili wake.

Tena somo la kwanza la judo si kuangusha. Ni kuanguka. Mtoto hufunzwa kupiga mkeka kwa mkono, kukunja kidevu kichwa kisigonge, kisha kuinuka. Anaanguka mara hamsini jioni moja, na hakuna anayemcheka. Nadhani hapa ndipo dawa ilipo, kwa sababu anayeonewa huwa haogopi kofi peke yake. Anaogopa fedheha ya kuwa chini mbele ya watu. Aliyezoea kuwa chini na kuinuka hutembea kwa namna nyingine, na mchokozi huchagua windo lake kwa kulitazama linavyotembea.

Karate nayo ina mafunzo ya namna hiyo. Funakoshi Gichin, mwalimu wa shule kutoka Okinawa aliyeipeleka karate Tokyo mwaka 1922, alishikilia kwamba mwanakarate si wa kuanza kupiga.

Haya si mageni kwetu. Atazame mtu kirumbizi kinavyochezwa Lamu au harusini: wawili wameshika bakora, zumari inalia, mmoja anarusha na mwenzake anakinga. Mchezo ni mkali, lakini anayeshikwa na hasira ameuharibu, na watu humtoa uwanjani. Na sote tumesoma hadithi ya Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba shujaa si yule awaangushaye watu, bali ni yule anayejizuia anapoghadhibika.

Wako wazazi wanaosita kwa sababu ya kule kuinamiana mwanzoni mwa mchezo, wakiona kunafanana na rukuu. Hoja yao ni ya haki. Wapo walimu Waislamu wanaotumia salamu na mkono kifuani badala yake, na mzazi ana haki ya kuuliza jambo hili kabla ya kumwandikisha mwanawe. Na aulize pia mwalimu anafanya nini mwanafunzi wake akipigana mtaani. Akijibiwa kwa kicheko, na amtafute mwingine.

Hata hivyo mkeka peke yake hautoshi. Mtoto wa miaka tisa hawawezi wawili wa miaka kumi na minne, na ni kumhadaa kumwambia kwamba atawaweza. Kwa hiyo mwalimu tuliyempata alimfunza mambo mengine: kusimama wima, kutazama usoni, kusema "Niwache!" kwa sauti ya tumboni, kuondoka kuelekea penye watu, kisha kumwambia mkubwa. Hili la mwisho ndilo lililokuwa zito. Aliniuliza, "Ami, si nitaitwa mchongezi?" Nikamwambia mchongezi hutaka mwenzake apigwe, yeye anataka kupigwa kukome. Sijui kama aliridhika, lakini alikwenda na babake kwa ustadhi.

Ustadhi hakuwachapa wale wawili. Aliwaita na wazazi wao. Mmoja, ilidhihirika, naye hupigwa nyumbani kila jioni. Huyo sasa anakuja mazoezini siku za Jumamosi, na mwalimu amempa kazi ya kuwashika wadogo wanapojifunza kuanguka. Wa pili bado ni mkorofi, na kaka yangu bado anamwangalia kwa jicho baya.

Kofia haijaonekana. Bibi ameanza kudarizi nyingine.