Kiwanda kidogo chini ya karanga

Wanachama wengi huku Kindu wanatuuliza: hewa imejaa nitrojeni, ile waagronomu wetu wanaita azoti, sasa kwa nini mpunga unakuwa manjano kwa kuikosa? Ni kweli, karibu sehemu 78 kwa 100 za hewa ni azoti. Lakini chembe zake zimeshikana mbili mbili kwa nguvu, mmea hauwezi kuziachanisha.

Viwanda vya urea vinaziachanisha kwa joto la digrii 400 na zaidi, pamoja na mgandamizo unaopita mara mia ule wa hewa ya kawaida. Ongeza treni ya kutoka Katanga ama boti ya Ubundu, utajua kwa nini mfuko unafika hapa na bei ile.

Bakteria wanaokaa katika vinundu vya mizizi ya karanga na kunde wanafanya kazi hiyohiyo bila moto. Wanatumia kimeng'enya, yaani kitu kinachoharakisha kazi bila chenyewe kuisha. Wamama wanaopika lutuku wanakifahamu hata kama jina hawalijui: mahindi yaliyochipuka ndiyo yanageuza unga kuwa sukari. (Hatusifu lutuku, tunaeleza tu.)

Kimeng'enya cha karanga kina chuma, salfa na molibdeni, na wakemia wanajaribu kukiiga. Mwaka 2003, kule Marekani, Richard Schrock na Dmitry Yandulov walitangaza molekuli yenye molibdeni iliyogeuza azoti kuwa amonia katika joto la kawaida. Kila moja ilitoa amonia chini ya kumi, ikachoka. Mwaka 2019 kundi la Yoshiaki Nishibayashi, Tokyo, lilipita 4,000. Kazi kubwa kabisa! Ila dawa zinazoilisha ni ghali, na bado iko ya maabara. Mtu akikuletea mbolea ya namna hiyo sokoni leo, usimpe hata franka moja.

Kiwanda tulicho nacho tukichunge. Karanga ikitoa maua, chimbua shina moja polepole, pasua kinundu kwa ukucha. Ndani ikiwa nyekundu, kinafanya kazi. Ikiwa nyeupe ama kijani, hapana.

Tunapopotezea ni kwenye mavuno. Tunang'oa, tunabeba yote nyumbani, tunachambua, kisha majani tunachoma. Azoti nyingi imeshaingia katika mbegu tunazouza, na iliyobaki iko katika majani yale. Yakichomwa, inarudi hewani, na udongo unaweza kubaki maskini kuliko mwanzo. Afadhali tuchambue kando ya shamba, majani tuyatandaze pale mpunga utakapopandwa. Mwenye mbuzi awalishe, lakini mavi yarudishwe shambani.